Ukungu wa Kadar

Arbia Sugow alijulikana kwa maziwa. Huko upande wa Bute, kaskazini mwa Wajir, alikozaliwa na kuolewa, maziwa ya wanawake wengine yalianza kukata siku ya pili, lakini ya Arbia yalifika siku ya nne yakiwa bado yananyweka vizuri. Wageni walijifanya wamepotea njia ili wapite kambini kwake. Siri yenyewe haikuwa siri. Arbia alikuwa bingwa wa kufukiza dhiil, kile chombo cha kusukwa ambacho Wasomali huwekea maziwa. Katika nchi ambayo maji ya kunywa hutafutwa kwa mwendo wa siku mbili, nani ana maji ya kuosha vyombo? Chombo hakioshwi, kinafukizwa. Unatia ndani kijinga cha mti unaoujua, unafunika, unatikisa, unamwaga majivu, unapangusa, kisha unaanza upya. Arbia alianza kazi hiyo akiwa hajaota meno ya utu uzima, na mpaka uzeeni viganja vyake vilinukia moshi hata akinawa kwa sabuni ya kipande.

Ukame wa mwaka tisini na mbili ulimaliza ngamia wake wote, na mume naye hakumaliza mwaka. Arbia akashuka Garissa na mwanawe wa pekee, Kadar, wakajenga kibanda cha fito na magunia pembeni mwa mji, katika mojawapo ya zile bulla, mitaa ya vibanda, zilizochipuka kila palipokuwa na nafasi. Yeye akauza chai. Kadar akasoma, na alisoma kweli. Kufikia mwaka tisini na tano alikuwa amepata kazi ya kusaidia maabara katika kituo kidogo cha utafiti wa mifugo, vyumba vitatu vya mabati karibu na mto.

Mkuu wa kituo alikuwa Daktari Dullo, Mborana wa Buna, mtu mrefu, mpole, mwenye tabia moja mbaya ya kusema "wiki ijayo" kwa kila jambo. Dullo alikuwa na wazo lililomnyima usingizi. Wanambuzi wengi wa wafugaji walikufa kwa kuhara kabla ya kutimiza miezi mitatu, na dawa zilikuwa ghali au hazifiki. Yeye alitaka kuwatengenezea sukari kutoka kwenye magunzi ya mahindi yaliyokuwa yakirundikwa na kuoza kwenye mashamba ya kando ya Tana.

Kadar alimweleza mama yake jambo hilo kibandani, kwa Kisomali, huku akipasua maandazi.

"Hooyo, gunzi limejaa sukari, ila imefungwa. Imeshikana kama mnyororo mrefu sana, hata tumbo la mbuzi mchanga haliwezi kuufungua. Sasa kuna ukungu unaoota kwenye magunzi yaliyooza. Ule ukungu unatoa maji yake, vimeng'enya, na vimeng'enya vinakata mnyororo."

"Halafu mbuzi anakula sukari, ananenepa," alisema Arbia.

"Hapana! Hapo ndipo utamu ulipo. Tunataka vipande vya pete mbili au tatu tu. Vikiwa hivyo, mbuzi mwenyewe hawezi kuvisaga. Vinateremka mpaka utumbo wa chini, na huko kuna vijidudu vyema vinavyovipenda. Vijidudu vyema vikishiba vinawafukuza vile vibaya vinavyoleta kuhara."

Arbia alicheka mpaka akapaliwa. Mwanawe alikuwa amesoma miaka yote hiyo ili alishe wadudu waliomo tumboni mwa mbuzi.

Shida ilikuwa ukungu wenyewe. Karibu kila aina waliyoijaribu ilikata mnyororo mpaka mwisho, ikaacha sukari ya kawaida ambayo vijidudu vibaya navyo huishangilia. Kadar alizunguka mashamba yote ya kando ya mto na kijisu na mifuko, akikwangua kila rundo bovu alilolikuta, na wakulima wakamwona ni kijana mwenye kasoro kichwani. Alikwangua marundo sitini na moja. La sitini na moja ndilo lililotoa ukungu wa kijani kibichi chenye weusi, ambao ulikata mnyororo vipande viwili vitatu, basi, ukaishia hapo. Daktari Dullo alimkumbatia mbele ya watu. Akaandika kwenye lebo, kwa herufi kubwa: KADAR 61.

Wanambuzi ishirini wa kwanza waliopewa sharubati ile ya magunzi walihara kidogo kuliko wenzao. Ishirini si wengi. Dullo akasema warudie kwa mia moja, na mwezi wa saba mwaka tisini na sita akamtuma Kadar sokoni Hagadera kununua wengine. Lori alilopanda kurudi lilivamiwa na majambazi njiani. Walikufa watu wanne, na Kadar alikuwa mmoja wao. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu.

Arbia hakulia mbele ya watu. Alikaa ndani ya kibanda miezi miwili, na majirani waliomletea uji walikuta wa jana haujaguswa. Ndipo Daktari Dullo akaja, akainama mlangoni, akakaa chini kwenye mkeka kama mtoto wa nyumba ile. Walizungumza kwa Kiswahili, maana yeye alikuwa na Kiborana chake na mama alikuwa na Kisomali chake. Kiswahili cha Arbia kilikuwa cha kununulia unga tu, lakini kilitosha.

"Mama Kadar, njoo kazini. Nahitaji mtu wa kuosha chupa."

"Chuba?" Arbia alimwangalia. "Mimi mzee. Nyinyi natafuta msichana wa shule."

"Msichana wa shule hatautunza. Ukungu wa Kadar bado uko hai. Kila mwezi lazima uhamishiwe kwenye pumba mpya, la sivyo unakufa."

Arbia akauliza kama kuna kitu cha Kadar kinachopumua. Dullo, ambaye angeweza kujibu kwa lugha ya vitabu, akajibu kwamba ndiyo, kinapumua.

Kesho yake asubuhi Arbia alikuwa mlangoni pa kituo kabla hata mlinzi, mzee Alio, hajamaliza kunawa uso.

Akajifunza kazi. Alijifunza kuloweka pumba za ngano, kuzipika kwenye sufuria kubwa ya mvuke pamoja na chupa, kuziacha zipoe, kisha kuchukua punje ya ukungu kwa sindano iliyopitishwa motoni na kuitupia ndani bila hata kupumua. Siku ya tatu pumba zilikuwa na utando mweupe, siku ya tano zilikuwa kijani. Arbia aliinua chupa dirishani akaitazama. "Haye, umeamka," alisema. Alio alimsikia akizungumza na chupa, akamwambia daktari kwamba mama wa watu anaelekea kubaya. Daktari akamwambia Alio ashike lake.

Na hapo lazima tuseme ukweli: Arbia hakuwahi kukiita kitu kile ukungu. Wengine waliita ukungu, waliita kuvu, daktari alikuwa na jina refu la Kilatini. Yeye alisema "Kadar". Kadar ameshiba, Kadar anataka pumba. Na Dullo alimwacha, kwa sababu yeye mwenyewe alikosa nguvu ya kumsahihisha. Alikusudia pia kupeleka chupa moja Nairobi, kwenye maabara kubwa yenye majokofu yasiyozimika, ili ukungu uwe na makao mawili. Alikusudia wiki ijayo, na wiki iliyofuata alikusudia ile ijayo.

Oktoba mwaka tisini na saba Dullo alikwenda Nairobi kuomba fedha za kuendelea. Aliaga kwa siku kumi. Siku ya sita mvua ikaanza.

Watu wa Garissa wanajua mvua, lakini ile haikuwa mvua. Tana ilipanda ikavuka mashamba, ikafagia nyumba na mizinga ya nyuki na vyoo. Barabara ya Nairobi ikakatika mahali pengi. Malori ya mafuta hayakufika, na mitambo ya umeme ikanyamaza. Mafuta ya taa yakapotea madukani, makaa yakalowa, kuni zikalowa, hata mavi ya ng'ombe yalilowa. Mbu wakajaa. Mbuzi wakaanza kutupa mimba, kisha mifugo ikafa kwa makundi, na kisha watu nao wakaanza kuugua. Kituo kilisimama kwenye kijilima, maji yakaishia hatua chache kutoka ukutani.

Wiki ya tatu, Alio alikuja na ujumbe wa daktari kutoka Nairobi, uliopitia redio ya askari. Ulikuwa mfupi: umeme ukizimika, Mama Kadar aweke ukungu kwenye pumba mpya haraka. Achemshe chupa vizuri sana, uchafu usiingie.

Arbia alifungua jokofu lililokufa. Chupa zilikuwa tano. Tatu zilikuwa zimeingiliwa na kitu cha rangi ya waridi kilichotambaa juu ya ule ukijani. Alishika kingo za jokofu akasema kwa Kisomali kwamba hapana, hatapokonywa mwanawe tena, safari hii hapana.

Akafikiri namna ya kuchemsha. Sufuria ya mvuke ilitaka moto wa saa nzima, na kuni kavu alizokuwa nazo zilikuwa fungu moja tu, vijiti vya mti wa kufukizia alivyoletewa kutoka Bute miaka iliyopita na kuvitunza darini. Maji yaliyokuwepo yalikuwa ya mafuriko, ya matope, yenye harufu ya mizoga. Je, amwogeshe Kadar kwa maji ya mizoga? Arbia alikuwa ameishi maisha yake yote mahali pasipo na maji wala kuni za kupoteza, na mikono yake ilijua la kufanya pasipo kumwuliza mtu. Chombo kinafukizwa.

Alitumia vijiti vichache kuchemshia pumba kidogo kwa maji ya mvua aliyokinga kwenye beseni. Vilivyobaki alivifanya vijinga. Alichagua chupa mbili mpya, akazipindua juu ya moshi, akazigeuza, akazipangusa kwa kitambaa cheupe, akazirudisha. Moja ililia ikapasuka, akaleta nyingine. Alifukiza pamba za kuzibia. Alifukiza pumba zenyewe baada ya kupoa, akizipepeta ndani ya moshi mpaka zikanukia kama nyumba ya harusi. Kisha akakwangua ukungu wote safi aliouona, asiache hata punje nyuma, kwa sababu mtu anayehama haachi mwana-kondoo hata mmoja kwenye kambi ya zamani. Zile chupa kuukuu, pamoja na zile zenye mdudu wa rangi ya waridi, akazitupa mtoni.

"Kaa hapo," alimwambia. "Kaa hapo mwanangu, mpaka daktari arudi."

Kila siku alikuja. Alikunja shuka mpaka magotini, akavuka matope, akaingia, akainua chupa dirishani. Pumba zilikuwa kahawia. Siku ya tano hazikuwa kijani. Siku ya kumi pia. Arbia akajiambia ni baridi ya mvua, amelala. Alijipa moyo kwa jambo moja: hakuna kitu kingine kilichoingia. Mji mzima ulikuwa unaoza, nafaka zilikuwa zinaoza kwenye magunia, viatu vilikuwa vinaota nywele, lakini ndani ya chupa zake hapakuwa na doa. Na ili pabaki hivyo, kila Alhamisi alasiri alizizibua, akaziingizia moshi kidogo, akaziziba tena, kama mwanamke yeyote mwenye adabu anavyofanya na chombo cha nyumba yake.

Daktari Dullo alifika mwishoni mwa Desemba, kwa ndege ya misaada, amekaa juu ya magunia ya unga. Alikuwa amekonda. Hakwenda kwake kwanza, alikuja kituoni moja kwa moja, na Arbia alikuwa amemsubiri mlangoni na chupa mbili mkononi.

"Daktari, karibu. Kadar iko salama. Maji nakula mji yote, yeye hakuna kitu nagusa. Angalia. Safi!"

Dullo akacheka kwa furaha, akapokea chupa, akavuta pamba. Akaipeleka puani kama alivyozoea.

Arbia aliona cheko likimtoka usoni polepole. Yule Mborana alikuwa amelelewa Buna, na mama yake alifukiza vibuyu asubuhi na jioni. Hakuhitaji darubini. Alisimama ameshika chupa ile chini ya pua, macho yakiwa yamefumbwa, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Umefukiza," alisema.

"Nafukiza fizuri sana. Kuni hakuna, maji ni chafu. Kila Alhamisi nafukiza."

"Kila Alhamisi."

"Wiki sita. Hata moja sijasahau."

"Ahsante, Mama Kadar," alisema Dullo. "Umefanya kazi kubwa." Akaingia ndani akafunga mlango, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Siku nne alihangaika. Alichemsha viazi, akatengeneza rojo lake la kuoteshea, akalimwaga kwenye visahani vya kioo. Aliziosha punje za pumba kwa maji safi mara kumi, mara ishirini, akazipanda. Alipekua meza zote, droo, koti kuukuu la Kadar lililoning'inia nyuma ya mlango, akikwangua mifuko kwa kisu. Arbia alikaa kwenye kizingiti na tasbihi yake. Hakuulizwa kitu, naye hakuuliza, lakini alianza kuogopa, maana mtu akirudisha mgonjwa salama, daktari hakeshi naye.

Siku ya nne, saa nne asubuhi, Dullo alitoka akaketi mbele yake. Visahani vyote vilikuwa vitupu, havijaota kitu.

"Amekufa?" aliuliza Arbia.

"Ni joto," alisema Dullo. "Jokofu lilizimika. Na ile mvua, unyevu, unajua... kitu kama hiki ni dhaifu sana, Mama Kadar. Ungefanya nini?"

Alisema hayo akiangalia ndala zake. Arbia alikuwa amelea mtoto wa kiume, na alijua sura ya mwanamume anayedanganya kwa huruma.

"Ile rangi nyekundu nakula yeye?"

"Labda."

"Lakini ndani ya chuba mbya hakuna nyekundu. Hakuna kitu. Siku arobaini, bumba haiozi." Alikuwa anazungumza polepole, kama anayepapasa ukuta gizani. "Daktari. Mama yako, kule Buna. Alikuwa nafukiza dhiil ya maziwa?"

"Alikuwa akifukiza."

"Alikuambia kwa nini?"

Dullo alianza kufuta tope kwenye ndala zake.

"Nakuuliza, mwanangu. Alikuambia kwa nini?"

"Ili maziwa yasiharibike," alisema Dullo kwa sauti ya chini sana. "Ili chombo kisishike ukungu."

Arbia aliitikia kwa kichwa. Aliitikia tena na tena, kama mtu anayesikilizishwa maneno aliyoyajua tangu utotoni, na kweli aliyajua. Alikuwa amewafundisha wasichana wangapi? Aliwaambia wafukize mpaka pembeni, mpaka chini kwenye mshono, kwa sababu ukungu hujificha hapo, na moshi ndio pekee unaouua. Hakuna mtu katika Wajir nzima aliyejua jambo hilo kumshinda. Lakini kile cha kwenye chupa, hata wote walipokiita ukungu mbele yake, moyoni mwake hakikuwahi kuwa ukungu. Yeye alikuwa na Kadar.

Akatoa sauti ambayo Alio, aliyekuwa getini, alidhani ni ya mnyama.

"Kosa ni langu," Dullo alisema haraka, ameishika mikono ya Arbia yote miwili. "Nisikilize. Ningepeleka chupa moja Nairobi. Mwaka mzima nilikuwa na nafasi. Nilikuwa na gari, nilikuwa na barafu, nilikuwa na kila kitu. Na ule ujumbe niliuandika vibaya, sikukueleza. Ni mimi niliyemuua. Mashamba yakikauka nitatafuta, nitakwangua rundo moja moja, huenda uko mwingine kama huo."

"Mwingine," alisema Arbia.

"Mama Kadar, kosa si lako."

Arbia aliutoa mkono wake mikononi mwa Dullo, bila hasira, akaupeleka puani kwake mwenyewe. Machozi yalikuwa yakimtiririka lakini sauti ilikuwa imetulia. Alisema maneno ya mwisho kwa Kisomali, ambacho Dullo alikijua kidogo tu, na safari hii alikielewa chote.

"Wale wa barabarani walimuua mara moja, wakaenda zao. Mimi nilimrudia kila Alhamisi."

Dullo alikaa naye pale kizingitini mpaka adhana ya adhuhuri, na baada ya siku ile Arbia hakurudi tena kituoni.